Muulize Shangazi: Kuhema tu kunaweza kupunguza pombe?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya maindifulnesi, yani ule mtindo wa kutulia ukaangalia pumzi yako na mwili wako na yanayopita kichwani bila kuyakimbia, nikasema kuna watu wanautumia kupunguza pombe hasa vijana. Banange, nikawa nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu ikawa inaganda. Nimechagua tano, majina nimeficha, na naanza na hii fupi maana haingoji.

*Shangazi mi niko Jinja, miaka 27. Nakunywa kila siku tangu asubuhi, nisipokunywa mikono inatetemeka na natoka jasho. Nimesoma hiyo ya pumzi, nataka Jumatatu niache yote nijifungie ndani niheme mpaka iishe. Naanzaje?*

Mwanangu usijifungie ndani. Mwili uliozoea pombe kutoka asubuhi ukiukatia ghafla unaweza kukuangusha kifafa, na siku ya pili ya tatu mtu anaanza kuona vitu havipo, homa inapanda, moyo unaenda mbio, na kuna wanaokufa kwa hiyo kuacha na sio kwa kunywa. Hilo pumzi haliwezi. Nenda hospitali ya rufaa hapo hapo Jinja uulize kitengo cha afya ya akili, waambie ukweli wote unakunywa kiasi gani na unaanza saa ngapi, watakupa dawa za kuushusha mwili polepole na vitamini B1 ambayo pombe inaimaliza mwilini. Nenda na mtu. Ikibidi watakutuma Butabika, ile hospitali kubwa ya magonjwa ya akili ya Kampala, kule wana sehemu ya watu wa pombe na madawa, na usiogope jina, najua hapa Uganda ukitaja Butabika watu wanajua umeokota makopo lakini wanaenda mpaka walimu na mabosi pale. Mpaka umuone daktari usikate ghafla peke yako. Haya mengine ya chini yasome ukisharudi.

*Shangazi mambo. Mi ni mtu wa boda, steji moja huku Kireka, miaka 24. Sio mlevi wa kuanguka ila kila jioni tunakaa kwa mama mmoja tunachanga, nikitoa hela ya bosi inayobaki inaishia pale. Kuna kaunsela alikuja na shirika fulani akatukalisha kwenye mikeka, tufumbe macho, tusikie kengele, tuwaze tuko ufukweni. Wenzangu walicheka mpaka basi. Nusu saa nzima pikipiki ziko nje hatujui nani anazigusa. Hii kitu inasaidia kweli au ni mambo ya wazungu tu?*

Nimecheka na mimi, nisamehe. Pikipiki ya mkopo iko nje alafu mtu akwambie fumba macho, ata mimi nisingefumba.

Sasa sikia. Asili ya haya mafunzo ya hospitali ni Marekani mwaka 1979, bwana mmoja Jon Kabat-Zinn pale Massachusetts alichukua mazoezi ya kutafakari ya Kibuda, akaacha dini pembeni, akafundisha wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, siku hizi ni mafunzo ya wiki 8. Pombe haikuwemo. Aliyeileta kwenye pombe kwa nguvu ni Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na wenzake kama Sarah Bowen. Marlatt alikuwa anasema hamu ni kama wimbi, inapanda, inafika juu, inashuka yenyewe, kosa letu ni kudhani itapanda tu mpaka ituue kwaiyo tunakunywa haraka ikiwa bado iko njiani. Mwaka 2014 Bowen na wenzake wakatoa matokeo ya watu 286 waliokuwa wameshamaliza matibabu ya mwanzo, wakagawanywa makundi matatu, na baada ya miezi 12 wale wa pumzi walikuwa na siku chache za kunywa kupita kiasi kuliko wengine. Sio muujiza lakini, kwenye mwezi wa 6 kundi lililofundishwa njia za kawaida za kuzuia kurudia lilikuwa sawa nao tu. Na mwaka 2021 Cochrane, hawa watu wa kukusanya tafiti na kuzipima pamoja, walipitia tafiti 40 za hii kitu kwa watu wa pombe na madawa wakasema ushahidi bado hauna uhakika. Kwaiyo mtu akikuuzia kama dawa ya kumaliza kila kitu mkimbie. Mi naihesabu kama breki ya ziada.

Ila huyo kaunsela wenu kosa lake silo la pumzi, ni la ufukwe. Marlatt alikaa mji wa bahari akasema wimbi, sawa, wewe wa Kireka wimbi utalionea wapi, labda ukienda Ggaba ziwani kula samaki. Wewe unajua mvua. Mvua ya Kampala inakuja saa nane mchana kama inataka kubeba mji mzima, unafanya nini? Haugombani nayo. Hauendi ndani yake pia. Unaingiza pikipiki chini ya paa la petroli steshoni mnasimama pale dakika kumi na tano, mnaangalia, mnapiga stori, nusu saa mbele jua limetoka na lami inatoa mvuke. Hamu ya pombe ndio hivo hivo. Inakuja saa 11 jioni na ngurumo zake zote, na ukiweza kusimama chini ya paa ukaiangalia tu bila kuitukana na bila kuingia, mara nyingi inapungua, na wengi inawashangaza maana hawajawahi kuingoja ata mara moja.

Unasimamaje sasa? Sio mkeka. Helmeti. Ukimaliza abiria wa mwisho, zima injini, miguu yote miwili chini, na kabla haujavua helmeti hema mara tano polepole, macho wazi kabisa uone pikipiki yako. Alafu tafuta hamu iko wapi mwilini, ni koo, ni tumbo, ni mabega. Nakuhakikishia mara nyingine utakuta ni njaa. Mtu amekunywa chai saa moja asubuhi, amekula vumbi na moshi mchana kutwa, jioni tumbo linalia yeye anasikia pombe. Kula rolex kwanza, ile chapati ya kukunjwa na mayai mawili, alafu ndio ujiulize tena. Siku nyingine utakuta ni hasira, askari wa barabarani amekumaliza ile hela ya siku, na hasira haitoki kwa waragi, ile pombe kali yetu, ila inalala tu ikaamka na kichwa kinauma.

Na nikwambie kitu kimoja kuhusu mkono. Unakumbuka zile kaveera za waragi, vile vipakiti vya plastiki? Serikali ilizipiga marufuku 2019, sasa isiuzwe chini ya mililita 200, lakini miaka yote ile mikono ya watu ilijifunza kitu: ng'ata, minya, imeisha. Hapo katikati hapakuwa na nafasi ata ya kuwaza jina la mama yako. Haya mazoezi yote, na kengele zao na mikeka yao, kazi yake ni kurudisha ile nafasi kati ya hamu na mkono. Ukishaiona hiyo nafasi unaweza bado ukaenda kwa huyo mama ukanywa moja, sikulaumu, lakini umeenda wewe, haukupelekwa.

Ile ya kuchanga sasa hapo pumzi haitoshi mwanangu, toa akiba ya steji kabla haujakaa, maana mwenye elfu mbili mfukoni anatulia kirahisi kuliko mwenye elfu thelathini.

*Asalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mama hapa Bombo, sisi ni Wanubi. Kijana wangu ana miaka 21 anakunywa kwa kujificha, nasikia harufu usiku. Dada yake anasoma chuo anataka kumfundisha hiyo meditesheni, lakini jirani amesema ni ibada ya Wabuda. Sitaki kumtoa kwenye pombe nimtie kwenye shirki.*

Waaleikum salaam dada yangu. Hofu yako naielewa na sikucheki, na mimi sio sheikh, kamuulize unayemwamini. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kinachofundishwa hospitali hakina sanamu wala kuomba kwa mtu yeyote, ni kukaa na kuhema na kuangalia. Na ukiniuliza mimi, nyinyi mnacho tayari nyumbani. Khushuu si ndio hiyo, moyo kuwepo kwenye sala na sio kichwa kinahesabu madeni huku ulimi unasoma? Tena angalia saa. Magharibi inaingia wakati ule ule vijana wanapoanza kutoka kwenda kunywa. Kijana akisali Magharibi asikimbie, abaki amekaa pale alipo, avute uradi wake, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34, polepole kwa pumzi badala ya ile ya mbio ya kuwahi, amepata dakika kumi za zoezi na hakuna jirani wa kusema neno. Dada yake amwachie hilo jina la meditesheni huko huko chuo. (Na nyie walokole mnaosema ni mapepo, ile saa ya kimya kabla ya maombi ya usiku mnaiitaje?)

Lakini dada kuna jambo linaniuma zaidi ya hilo la dini, ni huko kujificha. Anayekunywa kwa kujificha anakunywa haraka, peke yake, na anakunywa chochote, kile cha chupa isiyo na karatasi kinachouzwa nyuma ya nyumba. Kabale mwaka 2010 walikufa watu zaidi ya 80 kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, ile alkoholi ya sumu, na methanoli haina harufu ya kukuonya. Kaka yangu mimi, Mungu amrehemu, alikuwa anakunywa nyuma ya choo kwa sababu baba alisema akimuona atamlaani, na sisi wote tulijua na wote tulinyamaza, na siku aliyozimika alikaa kule masaa tusijue. Hakuna zoezi la pumzi linalofanya kazi kwa mtu mwenye aibu hivo, kwa sababu akitulia tu cha kwanza kumjia ni ile aibu, na dawa ya aibu anayoijua ni chupa. Kwaiyo kabla ya yote mwambie usiku mmoja bila kelele, najua, na sikufukuzi. Ata kama atakana. Atakana.

*Shangazi niko mwaka wa pili, hosteli ya Kikoni. Nakunywa wikendi tu, Ijumaa mpaka Jumapili asubuhi, wiki nzima sigusi. Nimedaunlodi apu, kuna sauti ya mzungu inaniambia niwaze theluji inaanguka. Inatosha?*

Theluji! Si uwaze Rwenzori basi, mlima wetu wenye theluji.

Apu sio mbaya ila angalia inakufundisha nini. London mwaka 2017 watafiti wa University College walichukua wanywaji wazito 68, kundi moja likafundishwa kuiangalia hamu bila kuifukuza, dakika 11 tu, kundi lingine likafundishwa kulegeza mwili ili hamu ipungue. Wiki iliyofuata la kwanza walipunguza pombe kiasi cha kama chupa tatu na zaidi za bia yetu ya nusu lita, la pili halikupunguza cha maana. Ilikuwa wiki moja tu ya kuwafuatilia, usiende nayo mbali. Lakini ona tofauti, theluji yako hiyo ni ya kulegea, ya kukutoa hapo ulipo, wakati ulichohitaji ni kubaki pale pale Ijumaa saa mbili usiku muziki umeanza chini na wenzako wanagonga mlango, uone kinachokutokea mwilini.

Na hiyo "wikendi tu" yako ntakuomba uipime. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 yanaitwa AUDIT, nesi wa chuo anayo, ukifika alama 8 tayari unakunywa kwa njia ya hatari, na swali la tatu linauliza ni mara ngapi unakunywa vipimo sita vya pombe au zaidi kwa mkao mmoja, na sio chupa sita. Hawaulizi Jumanne unafanya nini.

*Shangazi heshima. Naongoza kundi la vijana Tororo, tuna Wateso, Jopadhola, Wasamia, na kila mtu. Pombe inatumaliza. Nimepata mwongozo wa haya mafunzo wa Kiingereza, kurasa sitini. Nikiutafsiri Kiswahili wote wataelewa, si ndio?*

Wataelewa maneno, ndio. Lakini ngoja nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Niliwahi kukaa kwenye mafunzo kama hayo, kijana mzuri anaongoza, ametafsiri vizuri kweli, akasimama mbele akasema kwa Kiswahili safi: kaa chini, fumba macho, tulia, usitikisike. Kulikuwa na mzee mmoja wa Luwero kaja na mjukuu wake. Akanyanyuka akatoka nje. Nikamfuata, akaniambia nyabo, mimi maneno hayo mara ya mwisho nimeyasikia kwenye rodibloki.

Sisi tunaokipenda Kiswahili tunasahau hilo, kwamba hapa Uganda kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki, enzi za Amin na baada yake mpaka vita vya kule Luwero, na ata leo kikiwa ni lugha rasmi kuna masikio yanakisikia kama amri. Vijana wako wengi hawakuwepo lakini wamelelewa na waliokuwepo. Kwaiyo usiamrishe. Sema "kama unapenda", sema "wengine huangalia chini, wengine huangalia mti ule", macho yabaki wazi kwa anayetaka, na asiwepo mtu yeyote mgongoni kwao. Kile Kiswahili chako kitumie cha kuchekesha kile cha sokoni, na yanapofika maneno ya ndani ya moyo waache wayaseme kwa Kiteso na Kidhopadhola chao alafu wewe ndio uulize maana.

Kazi ya kurekebisha hivo sio ndoto. Kule Rhino Camp, West Nile, walifanya na wakimbizi wanawake wa Sudan Kusini, karibu 700, programu ya Shirika la Afya Duniani inaitwa Self-Help Plus, matokeo yakatoka 2020. Haikuwa ya pombe, ilikuwa ya msongo wa mawazo, lakini angalia walivyoifanya: vipindi vitano tu, sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, kijitabu cha picha kwa asiyesoma, na waliosimamia sio madaktari ni watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Msongo ulipungua kwa miezi mitatu waliyofuatilia. Na Harare daktari Dixon Chibanda kutoka 2006 amewaweka mabibi wazee kwenye benchi nje ya zahanati, wanaongea na watu, na hawasemi "depresheni", wanasema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, neno la Kishona ambalo kila mtu analo nyumbani. We nawe tafuta neno la Tororo. Usianze na "ulevi", hakuna kijana atakayekuja kwenye mkutano wa walevi, mimi ningeanza na usingizi au hela, hayo wanalalamika wenyewe.

Alafu kuna chungu. Umesema Wateso, kwaiyo ajono ipo, malwa kama wanavyoiita wengine, ile pombe ya ulezi watu wanakaa kuzunguka chungu kimoja wakivuta kwa mirija, na hapo mwongozo wako wa kurasa sitini hauna ata mstari. Unasema "epuka mazingira ya pombe". Utamwambia Mteso aepuke chungu aende wapi? Pale kwenye chungu ndio wanamaliza kesi, wanachanga matanga, wanaozesha watoto, ukikataa mrija umekataa watu. Mi ningefanya hivi, na uniambie kama ni ujinga: usiwatoe pale, nenda ukakae nao na chai yako. Ile malwa inataka maji ya moto kabla mtu hajavuta, na yanapomiminwa kila mtu anangoja kidogo na mrija wake mkononi, hakuna anayekurupuka. Hiyo ngoja wanayo tayari, wameirithi. Waambie waiangalie hiyo. Mrija uko mkononi, mdomo bado, mvuke unapanda, hamu iko wapi mwilini. Na maji yakiongezwa mara ya pili, wangoje tena hivo hivo, na mara ya tatu muulize mmoja wao, yule mkubwa wanayemsikiliza, kama bado anakitaka au mkono tu ndio unakwenda.